Mtoto Akiuliza, Tusimfunge Mdomo

Mnamo Machi 2020 skuli zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya Korona. Mwezi wa Mei, tukiwa katika saumu ya Ramadhani, Mji wa Kale hapa Mombasa nao ukafungwa: haingii mtu wala hatoki. Mjukuu wangu wa darasa la saba akabaki mikononi mwangu, nikawa mwalimu wake.

Nilimtolea Kusadikika ya Shaaban Robert, riwaya iliyotoka 1951, ambayo mimi niliisoma skuli nikaipenda mno. Nikamsomesha kama nilivyosomeshwa: dhamira ni hizi, wahusika ni hawa, andika, hifadhi. Siku ya nne akaniuliza, "Babu, Karama kosa lake hasa ni lipi?"

Nikamjibu, "Soma, usinikatize."

Sikumaliza ukurasa kabla sijaona haya. Karama alishitakiwa na Waziri Majivuno kwa kuwafundisha watu sheria. Alisimama siku sita mbele ya mfalme akieleza habari za wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali, wakarudi na mafunzo ya manufaa, wakatiwa gerezani. Nami, juu ya mkeka wangu, nilikuwa nimejifanya Majivuno.

Wasomaji wapenzi, sisi watu wa Pwani twasifu adabu, na ni haki yetu. Lakini mara nyingi twaichanganya adabu na ububu. Dini yetu imemtaka asiyejua amuulize ajuaye. Adabu imo katika namna ya kuuliza, si katika kutouliza.

Mtaala wa umilisi, ulioanza nchini kote 2019, umeiweka fikra tunduizi miongoni mwa shabaha zake. Ni jambo jema. Lakini litamfaa nini mtoto, iwapo skuli aambiwa uliza na nyumbani aambiwa nyamaza?

Tuliirudia riwaya tangu mwanzo, safari hii yeye akiuliza. Nilipomgeuzia swali, kwa nini wajumbe walifungwa ilhali walileta mema, alifikiri kisha akasema, "Babu, waliokuwa wakubwa waliogopa kuambiwa kuwa wamekosea."

Miaka yote niliyoipenda riwaya hii, jibu hilo sikuwa nimelipata. Alirudi skuli Januari 2021. Mkeka ungali pale pale, na akija huuliza.