Muhula Unaisha, Nyumba Inabaki

Vyuo vinavyofundisha usanifu majengo hupenda kutangaza kwamba wanafunzi wake wanajifunza kwa kuwajengea wananchi. Ni jambo jema. Lakini paa likianza kuvuja miaka mitatu baadaye, na yule mwanafunzi keshahitimu na kwenda zake, mwenye nyumba amwendee nani?

Mfano unaotajwa sana ni Rural Studio ya Chuo Kikuu cha Auburn, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Samuel Mockbee na D.K. Ruth katika Kaunti ya Hale, Alabama, eneo maskini la kusini mwa Marekani. Wanafunzi huhamia huko, wakasanifu na kujenga kwa mikono yao. Mwaka 2000 walikamilisha jengo la jamii pale Mason's Bend, katika kaunti hiyo: kuta za udongo ulioshindiliwa, na juu yake vioo 80 vya mbele vya magari ya Chevrolet Caprice, vilivyotolewa kwenye yadi ya vyuma chakavu Chicago na kupangwa mithili ya magamba ya samaki. Jengo hilo liliipatia studio sifa kubwa.

Wakosoaji waliuliza sifa hizo ni za nani, na hoja yao ina uzito. Tajiri asiyependa mchoro humfukuza msanifu. Anayepewa nyumba bure hushukuru tu, hata kama jiko limekaa vibaya. Mhitaji hugeuka uwanja wa majaribio bila yeyote kukusudia.

Rural Studio haikuishia hapo. Mockbee alifariki mwaka 2001, Andrew Freear akashika uongozi, na mwaka 2005 ikaanza kazi ya nyumba ya dola 20,000, kiwango kilichokadiriwa kuwa ndicho mkopo anaoweza kuumudu mtu anayeishi kwa malipo ya uzeeni. Nyumba hizo ni ndogo, zina baraza na hewa inayopita, wala hazishangazi kwenye picha. Ila kila kundi jipya hurithi michoro na uzoefu wa waliotangulia, na dosari ya mwaka huu inaweza kurekebishwa mwakani, kwa kuwa studio haijahama.

Dar es Salaam tuna funzo la aina nyingine. Katika mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi kuchora ramani za maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Picha ya angani huonyesha mabati. Mkazi ndiye ajuaye maji hufika usawa gani ukutani na mtaro upi huziba kwanza. Hapo mwananchi hakuwa mpokea msaada, alikuwa na ujuzi ambao mhadhiri hana.

Atakayesema kwamba mpango wa kukaa na wakazi na kujifunza kwao namna hii ni ghali, na kwamba muhula ni mfupi, hakosei. Ndiyo maana chuo kichague mtaa mmoja na kukaa nao kwa miaka, kitenge fedha za matengenezo kabla ya msingi kuchimbwa, na kumpa mkazi sauti katika alama za mwanafunzi. Kisichoweza kuahidi hayo hakijawa tayari kujenga: kiwafundishe wanafunzi wake kupima, kuchora na kusikiliza kwanza.