Tuiulize Saa Kabla ya Kumuuliza Jini

Katika pwani yetu ya kaskazini ya Cabo Delgado, kutoka Quionga na Palma kushuka hadi Mocímboa da Praia, Pangane na kisiwa cha Ibo, mtu akishikwa na homa jirani hujua, akivunjika mguu mji mzima humzuru, lakini akizimia usiku katika faragha ya ndoa, habari hiyo huzikwa kabla ya alfajiri na wawili walioishuhudia. Mume huona aibu, kwa kuwa ataambiwa nguvu zimemwishia. Mke huingiwa na hofu, kwa kuwa ataambiwa ana jini mahaba mwenye wivu asiyetaka aguswe na mwanadamu. Na jambo likirudi mara ya pili na ya tatu, huitwa mwalimu wa kuandika kombe au fundi wa kupunga, chumba kikajaa moshi wa ubani, na aliyezimia akaegemezwa ukutani akae kitako, ilhali huko kukalishwa ndiko kunakomzidishia. Sikukusudia kumdharau mwalimu wala fundi, ambao wamewafariji watu wetu katika miaka ambayo hapakuwa na mfariji mwingine. Ninalodai ni kwamba kuzimia au kupata kizunguzungu katika jimai, au baada yake, ni habari inayoletwa na mwili. Kwamba habari hiyo aghalabu ni nyepesi, na mara chache ni nzito sana. Na kwamba njia ya kwanza ya kupambanua nyepesi na nzito ni kuiuliza saa: jambo lilitokea lini hasa, na mwili ulikuwa katika hali gani?

Saa ya wengi ni ile ya kuinuka. Mtu amelala, moyo umekwenda mbio, jasho limemtoka, mishipa ya damu imetanuka kwa joto. Raha ikiisha mwili hulegea, moyo hupunguza mwendo, na shinikizo la damu hushuka. Akikurupuka katika hali hiyo kwenda uani kwa haja ndogo, au kwenda kukoga janaba, damu huteremka miguuni kwa uzito wake, ubongo hupungukiwa kwa muda mfupi, macho huingia kiza, masikio huvuma, naye huanguka. Akisha kulala chini damu humrudia kichwani, na kwa kawaida dakika moja au mbili hazipiti ila amezindukana, akiwa mnyonge na mwenye kutoka jasho la baridi, lakini akijua yupo wapi na aliye mbele yake ni nani.

Na sisi wa pwani hii tuna sababu nyingi za kuanguka namna hiyo. Mvuvi aliyeshinda juani katika ngalawa na maji kidogo ya kunywa hurudi nyumbani na mwili uliokauka, wala chai ya jioni haimrudishii yote yaliyomtoka. Katika Ramadhani sharia imewahalalishia mume na mke usiku wao, lakini mwili uliokaa bila maji tangu alfajiri hadi magharibi huhitaji kunyweshwa vya kutosha kwanza. Mwanamke ambaye damu yake imepunguzwa na malaria, na safura, na hedhi nzito, na uzazi unaofuatana bila mapumziko, huwa na akiba ndogo sana ya kumhimili. Na katika aila zilizokimbia Mocímboa mwaka 2020, na Palma baada ya shambulio la tarehe 24 Machi 2021, wamo waliojifunza kuishi kwa mlo mmoja, na mlo mmoja haujengi damu.

Dawa ya saa hii si ghali. Mtu anywe maji, atulie kitandani kitambo, aketi ukingoni huku akichezesha miguu, ndipo asimame. Na akioga, aoge ameketi juu ya kigoda, kwa maji yasiyo ya moto mno. Haraka ya nini? Sharia haikumlazimisha kukoga papo hapo, bali kabla ya sala. Mwenzake akizimia, asimkalishe: amlaze chali, ainue miguu yake, alegeze nguo, afungue dirisha, aondoe chetezo, wala asimtie maji kinywani mpaka fahamu zimrudie. Akiwa hazinduki hima lakini anapumua, amgeuze ubavu na kuita msaada. Mja mzito yeye ana hukumu yake: katika miezi ya mwisho, akilala chali, mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, akasikia kisunzi na kichefuchefu, na tiba yake ni kumgeuza alalie ubavu wa kushoto. Kadhalika mwanamke anayezimia kwa maumivu hana jini. Maumivu makali, na hofu pia, huweza kupunguza mwendo wa moyo na kushusha shinikizo la damu. Basi wajibu wa mume ni kuacha, na kuuliza, na kumpeleka atibiwe, si kuendelea na kudai haki yake.

Iko saa ya pili, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, nayo ni ile ya katikati ya tendo lenyewe, mtu angali amelala, bila ya kuinuka wala kusimama. Jimai ni kazi ya mwili kiasi cha kupanda ngazi za ghorofa mbili, na moyo mzima huiweza bila taabu. Lakini moyo ambao mlango wake umekuwa mwembamba, au ambao msuli wake umenenepa kupita kiasi, au ambao mapigo yake hupotea njia, huenda usiweze kusukuma damu ya kutosha palepale inapohitajiwa. Nchi yetu haina haki ya kuyadhania maradhi haya kuwa ni ya ng'ambo. Maradhi ya koo ya mtoto yasiyotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi, ikaharibu milango ya moyo kwa miaka bila mwenyewe kujua. Mwaka 2008 tabibu wa moyo Ana Mocumbi na wenziwe walitangaza kwamba Inharrime, kusini mwa nchi, karibu mtu mmoja katika kila watano waliopimwa alikuwa na maradhi yanayokakamaza utando wa ndani wa moyo, na wengi wao hawakuwa na dalili yoyote. Naye Albertino Damasceno na wenziwe, katika uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2005, walikuta presha ya juu kwa thuluthi moja ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64, na katika hao wenye presha waliojua kwamba wanayo walikuwa kama 15 katika kila 100.

Hao wasiojua ndio wanaonunua sokoni vidonge vya nguvu za kiume bila ya kuulizwa neno. Sildenafili, mojawapo ya dawa hizo, iliyopata idhini Marekani mwaka 1998, ilitafutwa kwanza iwe dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Hutanua mishipa ya damu, na ikikutana mwilini na dawa za moyo za jamii ya nitrati, shinikizo la damu huweza kuporomoka hata mtu akafa. Wala unga uuzwao kwa jina la mizizi si salama kwa kuitwa mizizi, maana wapimaji katika nchi mbalimbali wamekuta ndani yake dawa ileile, imetiwa kwa siri. Anayetumia vidonge vya presha naye, akiona kizunguzungu, asiviache kwa nia yake mwenyewe, bali amweleze aliyempa.

Basi mtu asingoje mara ya pili ikiwa amezimia katikati ya tendo. Au moyo ulimwenda mbio ovyo, au kifua kilimbana. Au kichwa kilimpasuka kwa maumivu ya ghafula ambayo hajapata kuyaonja. Au upande mmoja wa mwili ulilegea. Au katika ukoo wake yupo kijana aliyeanguka akafa bila ya kuugua. Au ni mwanamke aliyekosa hedhi na tumbo linamkata, maana huenda mimba imetunga nje ya mahali pake na damu inamvuja ndani. Hao waende kituo cha afya siku ileile, na wakifika waseme yote. Mwenye kuficha saa na kusema tu kwamba kichwa kinamsumbua atapewa dawa ya kichwa, na kosa halitakuwa la mganga.

Najua nitaambiwa kwamba haya ni maneno ya faragha, na kwamba gazeti husomwa barazani mbele ya watoto na wakwe. Nami nailinda haya, kwa kuwa ni pambo la watu wetu. Lakini haya haikuwekwa imfunge mtu kinywa mbele ya ilimu. Ummu Sulaim, mwanamke wa Madina, alimwendea Mtume kumuuliza habari ya mwanamke aotaye ndoto za usiku, akaanza kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya katika haki, na Mtume akamjibu. Swali lake halikumpunguzia heshima. Limehifadhiwa katika Hadithi sahihi hata leo. Na sisi wenyewe hatukukosa walimu wa mambo haya. Makungwi na masomo wa unyago, na wazee wa jando, huwafunza vijana wetu adabu za chumbani kwa lugha ya staha. Ni jambo jepesi kwao kuongeza fundisho moja: mwenzako akianguka, mlaze, inua miguu yake, iangalie saa, kisha fuatana naye kwa tabibu ukaseme ulichokiona. Wauguzi nao wawape watu pahali penye mlango unaofungika, na wasikilize kwa Kimwani, au Kimakonde, au Kiswahili, kwa kuwa siri kama hii mtu huiweza kwa lugha ya mamaye tu.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Aliyezimia hakuona lililompata. Ameona mmoja tu, aliyekuwa kando yake. Akinyamaza kwa kuona haya, tabibu hana shahidi mwingine wa kumuuliza.