KONA YA MWALIMU: Pikipiki ya Mama ni ya Nani?

Mwezi huu naomba tuongee juu ya zawadi. Si zawadi ya kitenge wala ya simu, hizo tumezizoea. Nasema pikipiki, ile ambayo mtoto mkubwa anamnunulia mzazi wake. Wengine wetu tunasema moto, kwa Kifaransa, mpaka mgeni kutoka Tanzania anadhani nyumba inaungua.

Mnajua inavyokuwa. Mtoto amekwenda kutafuta maisha, Lubumbashi au Lusaka au ng'ambo kabisa. Anakaa miaka bila kuonekana. Halafu siku moja simu inalia: "Papa, tayarisha mahali pa kulaza moto." Siku inapofika jirani wote wanakuja kuona, watoto wanagombana nani atakaa juu kwanza, mzee anapangusa tangi kwa shati lake mwenyewe. Ni furaha kweli, na mimi simcheki mtu anayetoa machozi siku hiyo. Sisi tuliovuka mpaka kuanzia Agosti 2017 na mafurushi kichwani, kisha tukaletwa huku Mantapala 2018, tunajua maana ya kuwa na kitu chenye magurudumu.

Lakini zikipita wiki mbili tatu, swali linaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Hii pikipiki ni ya nani?

Kuna mama mmoja hapa kwetu, jina lake nalificha kwa sababu ya heshima. Ni mjane. Kazi yake ni kufuata samaki kule Kabuta, ufukweni, na kuja kuwauza hapa kambini. Chisense wakavu anawabeba kwa gunia, makobo kwa beseni. Alikuwa anaondoka kungali giza, na akibahatika kupata kijana mwenye kinga anamlipa ambebee mzigo. Asipompata, anabeba kichwani. Siku za mvua samaki wanalowa njiani, wanaanza kunuka, na anayepata hasara ni yeye, si ziwa.

Mzaliwa wake wa kwanza yuko Lubumbashi. Kazi yake ni manseba. Kwa wale wasiojua, manseba ndivyo watu wa Lubumbashi wanavyomwita mwenye kubeba abiria kwa pikipiki, na kwa Kiluba neno hilo ni mjomba. (Wakenya na Waganda wanasema bodaboda, jina lililoanza pale mpakani Busia miaka ya 1960, wakati watu walipovushwa kwa baiskeli toka upande huu wa mpaka hadi upande ule.) Huyu kijana alianza kwa pikipiki ya tajiri. Kila jioni unampelekea mwenye pikipiki hesabu yake, kinachobaki ndicho chakula chako. Siku isiyo na abiria, hesabu inadaiwa vilevile.

Mwaka jana akamtumia mama yake pesa za pikipiki nzima. Mama akasema, "Mwanangu, mimi hata kinga sijui kuendesha." Mtoto akamjibu, "Mama, utaendesha kwa mdomo. Unamwambia kijana: twende Kabuta, anakwenda. Hii njo yako, siyo ya mtu mwingine."

Mama akaomba kibali, akaenda Mansa pamoja na mzee mmoja wa kanisa na fundi anayejua injini. Walichagua Boxer, kwa sababu vipuri vyake vinapatikana na mafundi wetu wanaijua. Muuzaji alipotaka kuandika risiti, akamwuliza yule mzee jina lake, maana alimwona ndiye mwanaume mwenye umri. Mama akasema, "Hapana, andika langu." Ile risiti mkumbuke, maana tutairudia.

Pikipiki ilipofika, baba mdogo wa watoto, yaani mdogo wake marehemu, akaja na maneno. Eti pikipiki ni kitu cha mwanaume. Eti mtoto ni wa ukoo, na jasho la mtoto ni la ukoo, kwa hiyo pikipiki ilale kwake na mwanawe ndiye aiendeshe. Alisema mama atapewa samaki wake wabebwe bure, atake nini tena? Wazee wakaitwa. Nilikuwepo kwa sababu ya kuandika tu.

Nisiwafiche, baadhi ya wazee walianza kuelemea upande wa baba mdogo. Si watu wabaya. Walisema mjane akigombana na wakwe zake hapa ukimbizini, siku ya kuugua nani atamsaidia? Hilo ni neno la kweli, tusilidharau. Lakini mama akatoa ile risiti kwenye kitambaa, akaiweka katikati. Halafu wakampigia mtoto simu, sauti ikafunguliwa wote wasikie. Kijana akasalimia kila mzee kwa cheo chake, hakuruka hata mmoja. Kisha akasema: "Baba mdogo, nakuheshimu. Wakati tunavuka, mama alinibeba mdogo wangu mgongoni na mzigo kichwani. Hakuna aliyeuliza mzigo ni wa ukoo." Kimya. Mzee wa kwanza akasema basi, tumesikia.

Baba mdogo hajakanyaga kwa yule mama mpaka leo. Ninaandika hivyo ili msidhani mambo yaliisha kwa vigelegele.

Baada ya hapo mama akanijia shuleni na daftari. Alitaka mapatano ya maandishi na kijana atakayeendesha, jirani yake, mwenye leseni. Tuliandika nakala mbili. Hesabu ni kila Jumamosi, si kila siku, ili kijana asikimbizane na giza. Petroli na kuziba pancha zinatoka katika mapato kabla ya kugawa. Siku mbili za juma pikipiki ni ya samaki wa mama tu. Jumapili inapumzika. Saa moja jioni iwe imelala. Mama akaongeza neno ambalo ni wazo lake mwenyewe kabisa: kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, wakati serikali ya Zambia inafunga uvuvi ili samaki wazaane, hesabu ipungue, kwa sababu Kabuta hakuna mzigo na kijana naye atakula nini. Tajiri wa Lubumbashi hawezi kuandika mstari kama huo. Mama wa samaki ameuandika.

Kijana akatia sahihi, mama akaweka dole gumba.

Sasa niwaguse kina baba pia, maana zawadi nyingi za namna hii zinakwenda kwao. Mtoto aliyeondoka zamani anaendelea kumwona baba yule aliyemwacha. Kichwani mwake papa bado anapanda kinga toka Pweto akiwa na gunia la mkaa nyuma, anapiga kengele, anacheka. Papa wa leo goti limekufa, macho yanaona wingu. Pikipiki hizi za kawaida zinapita kilo 100. Ikikulalia mguuni peke yako njiani, huinuki nayo. Mzee hawezi kusema "mwanangu, siiwezi", anaona aibu kukataa upendo, basi pikipiki inasimama ndani ya nyumba imefunikwa shuka, panya wanakula nyaya. Au vijana wa jirani wanaiazima mmoja mmoja mpaka inakufa.

Kwa hiyo ninyi watoto mlio mbali (najua karatasi hizi mnapigiwa picha na kutumiwa) ulizeni kabla ya kununua. Na swali lisiwe "Papa, unataka moto?" Mzazi gani atasema hapana? Ulizeni: unaamka saa ngapi, unakwenda wapi, nani anakusindikiza, goti linasemaje. Pengine mtagundua papa anataka mabati. Pengine mama ndiye mwenye safari.

Upande wa karatasi sitakaa sana, lakini msiruke. Zambia, pikipiki lazima iandikishwe kwa RTSA, iwe na namba, bima na kile kitabu watu wanachoita waiti buku, na anayeendesha awe na leseni ya pikipiki. Kijana aliye Kongo anaweza kufikiri aipakie mtumbwini pale Kilwa ya Kongo, ivuke ziwa, mambo yaishe. Hayaishi. Pikipiki iliyoingia bila kupitia forodha inaweza kukamatwa, na hapo zawadi imekuwa kesi ya mzazi. Kabla ya kutoa pesa, mkimbizi apite ofisi ya wakimbizi na RTSA kuuliza ni karatasi gani zinapokelewa kwa jina lake. Muuzaji akisema "hayo tutapanga baadaye", mwageni salamu mwondoke. Tena tusisahau: pikipiki haina kibali kuliko mwenyewe. Kama wewe unahitaji ruhusa ya kutoka, tangi lililojaa halikupi ruhusa. Taratibu hizo hubadilika, basi tuulize kila mara, tusiishi kwa habari za mwaka juzi.

Na kofia ngumu, ile kaske. Sheria inataka mwendeshaji na abiria wote wawili wavae. Nimeona pikipiki mpya kabisa, plastiki bado iko kwenye kiti, na hakuna kaske hata moja, eti pesa zimekwisha. Basi pesa za pikipiki hazikutosha. Mwaka 2008 wataalamu walikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali wakaona kaske inapunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42, na ya kuumia kichwa asilimia 69. Sasa fikirieni barabara zetu za vumbi, na umbali wa kumfikisha mgonjwa hospitali ya St. Paul's kule Kashikishi. Kaske mbili ziingie kwenye bei tangu mwanzo, pamoja na mafuta ya injini ya kubadilisha mapema, maana injini mpya inatoa unga wa chuma ndani na mafuta ya kwanza hayafai kukaa sana. Petroli ya chupa za barabarani mnunue kwa mtu mnayemjua.

Nirudi kwa yule mama, kwa sababu kuna jambo alilolijua baadaye.

Miezi kadhaa baada ya pikipiki kufika, alikuwa Kabuta akisubiri mitumbwi, akakutana na mfanyabiashara wa Kongo anayemfahamu mwanawe. Katika maongezi yule mtu akasema, "Mtoto wako ana moyo. Kuuza moto yake mwenyewe!" Mama hakuelewa. Akauliza vizuri. Kumbe kijana, baada ya miaka yote ile ya kupeleka hesabu kwa tajiri, alikuwa amejinunulia pikipiki yake ya kwanza. Aliiendesha muda mfupi tu. Ndiyo aliyoiuza, akaongeza akiba yake, akamtumia mama pesa. Yeye amerudi kwenye pikipiki ya tajiri, na hesabu ya kila jioni.

Mama alimpigia simu usiku uleule. Alitaka kuiuza ya huku amrudishie pesa. Kijana akakataa kabisa. Akasema, "Mama, ukiiuza, mimi nitakuwa nimefanya kazi bure mara mbili."

Siku ile aliponieleza habari hii hakuwa analia. Alikuwa na hasira, ile hasira ya mama. Alisema, "Mwalimu, huyu mtoto amenidanganya kwa wema. Nifanye nini na mtu kama huyu?" Mimi nina miaka ishirini na kitu, sina mtoto, nikanyamaza.

Jibu alikuwa nalo mwenyewe. Alitoa lile daftari la mapatano, nakala yake na nakala ya kijana anayeendesha, wote wawili wamekwisha kukubaliana, akaniomba niongeze mstari mmoja chini: kila Jumamosi, petroli na pancha zikishatolewa, kabla ya kugawa, kiasi fulani kiwekwe kando kwa ajili ya moto ya mtoto. Pesa zinatunzwa na mama mwekahazina wa kikundi chao cha akiba, wala kijana wa Lubumbashi haambiwi. Nikauandika mstari. Akaniambia niusome kwa sauti mara mbili, ili ahakikishe nimeandika "mtoto" na siyo "ukoo".