Kabla ya Kutupa Kapeti, Kagua Sakafu

Baridi ya Julai na Agosti imeondoka Nairobi na kuacha uvundo. Kuanzia Kangemi hadi Kileleshwa watu wanainua kapeti za sebuleni na kukuta madoa meusi upande wa chini, na wengi wanakata shauri papo hapo: kapeti imeoza, inunuliwe nyingine. Tunawasihi wasubiri. Katika nyumba nyingi kapeti imefichua tatizo tu, haikulileta. Atakayetandika mpya juu ya sakafu ileile ataitupa nayo.

Upande wa magharibi wa mji huu una hali yake. Ardhi inapanda kutoka Embakasi kuelekea Dagoretti, na mvua inaongezeka kadiri unavyopanda. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, pale Dagoretti Corner, yako karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu huweza kufunika Lavington na Kawangware kutwa nzima, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 au 11 hivi. Kuta za mawe hushika baridi hiyo. Hewa ya ndani, iliyopata joto la watu, la jiko na la maji ya kuoga, ikigusa ukuta kama huo, mvuke wake hugeuka matone. Maji haya hayatoki kwenye paa wala kwenye bomba, na ndiyo sababu fundi wa mabomba huitwa, akatafuta kutwa nzima, akaondoka bila kupata cha kuziba.

Gesi ya kupikia nayo ina maji yake. Inapoungua, kila kilo hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Mtungi wa kilo 6, ule unaoletwa mlangoni kwa bodaboda, ukiisha huwa umemwaga hewani zaidi ya lita 9 za maji. Ongeza sufuria ya githeri inayochemka jioni nzima. Ongeza nguo zilizoanikwa kwenye viti kwa kuwa roshani haioni jua. Kisha madirisha yafungwe saa kumi na mbili kwa kuogopa mbu na wezi. Mvuke wote huo unabaki ndani hadi asubuhi, na nyuzi za kapeti, pamoja na vumbi lililojificha humo, huunywa bila kelele.

Kuna maji mengine yanayopanda kutoka ardhini, na haya ndiyo yanayotusumbua zaidi, kwa sababu mpangaji hana namna ya kuyazuia. Sakafu ya nyumba ya chini inatakiwa kumwagwa zege juu ya karatasi nzito ya nailoni, ile mafundi wanayoiita geji 1000, na ukuta uwe na tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi. Karatasi hiyo ni gharama ndogo mno ukiipima na bei ya saruji na chuma. Hata hivyo inarukwa, hasa katika ploti za vyumba vya kupangisha, kwa kuwa zege ikishamwagwa hakuna anayeona. Mpangaji anaingia, anakuta saruji baridi, anatandaza kapeti ya plastiki kutoka ukuta hadi ukuta ili watoto wapate pa kuchezea. Maji yanayopanda hayana pa kutokea. Baada ya miezi michache ukiinua kona unakuta sakafu imelowa na ukungu umeshika, na juu yake ndipo mtoto anapolalia godoro.

Kujua maji yanatoka wapi hakuhitaji mtaalamu. Chukua kipande cha nailoni angavu cha futi moja na nusu kila upande, kibandike sakafuni kwa utepe unaoshika vizuri pande zote nne, ukiache usiku kucha hadi kesho yake. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, au saruji imebadilika rangi, maji yanatoka ardhini na hakuna sabuni itakayokusaidia. Ukikuta matone upande wa juu, tatizo liko kwenye hewa ya nyumba, na hapo kufungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana kwa nusu saa asubuhi, kufunika sufuria na kusogeza kabati na kochi kidogo kutoka ukutani kutaleta nafuu ya kweli. Piga picha ya matokeo. Picha hiyo itakufaa siku ya kuzungumza na mwenye nyumba.

Kwa maana mazungumzo hayo lazima yafanyike. Desturi iliyoenea katika mji huu ni kupaka rangi juu ya ukungu kila mpangaji anapotoka, kisha gharama ikakatwa kwenye amana yake. Mpangaji mpya anaonyeshwa chumba kinachonukia rangi, analipa, na wiki chache baadaye madoa yanajitokeza palepale. Huo ni udanganyifu, na tunautaja kwa jina lake. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inalihesabu jengo lililo katika hali ya kudhuru afya kuwa kero ambayo mwenyewe anaweza kuamriwa kuiondoa. Maafisa wa afya wa kaunti wanayo mamlaka hayo leo. Wanayatumia kwa hoteli na vichinjio. Wayatumie pia kwa vyumba vya kulala watu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, lilihusisha nyumba za namna hii na kikohozi, kifua kubana na pumu, na wazazi wa Kawangware wanaokesha na watoto wanaokohoa hawahitaji kusomewa mwongozo huo.

Kilimani na Kileleshwa wana shida ya aina nyingine. Palipokuwa na nyumba moja na bustani yake sasa pana ghorofa kumi na zaidi, dirisha likitazamana na dirisha. Nyumba ya orofa ya pili iliyokuwa ikipata jua la asubuhi sasa inapata kivuli cha jirani. Bafu lina tundu linalofunguka kwenye kishimo cha hewa ambacho hewa haipiti. Wanaoidhinisha michoro huko City Hall wanapaswa kujiuliza swali moja kabla ya kupiga muhuri: jua litaingia chumba hiki saa ngapi? Nchi sasa ina Kanuni za Ujenzi za 2024 badala ya zile zilizodumu tangu 1968, na kazi iliyobaki ni kwenda eneo la ujenzi na kutazama kabla zege haijafunika kila kitu.

Katikati ya mji, kosa kubwa liko katika ratiba. Ofisi nyingi zina kapeti iliyogundishwa sakafuni kwa gundi, na waoshaji huitwa Ijumaa jioni ili wasisumbue kazi. Wanamwaga maji, wanapiga brashi, wanafyonza kiasi, wanafunga madirisha na mlango. Hadi Jumatatu asubuhi ni zaidi ya saa 60. Kanuni inayofuatwa kote duniani ni kwamba kitu kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, kwani baada ya hapo ukungu huanza kumea. Kapeti ya ofisi ioshwe Jumamosi asubuhi, madirisha yawe wazi na feni ziwe zinazunguka hadi jioni, na mlinzi alipwe kwa saa hizo.

Nyumbani wengi wetu tunapeleka kapeti kwa vijana wanaoosha magari. Wanafanya kazi ngumu na wengi wanaifanya vizuri, lakini foleni ikiwa ndefu kapeti hurudishwa kabla haijakauka. Usiipokee kwa kuitazama juu tu. Ikunje, kandamiza karatasi ya msalani kwenye mgongo wake kwa nguvu. Ikilowa, kapeti irudi kwenye chuma cha kuanikia. Waombe waisuuze hadi maji yatoke safi, maana sabuni inayobaki huganda kwenye nyuzi na kuvuta uchafu upya. Kapeti nene za manyoya zioshwe Januari na Februari, au Septemba kama sasa, wakati jua linatosha. Kuziosha Julai ni kutafuta uvundo. Na yeyote anayesugua ukungu sakafuni kwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo asiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na vyoo vyetu vidogo havina pa kuitolea.

Mgao wa maji nao una hasara yake. Mfereji unafunguliwa mchana, hakuna kitu, unasahaulika wazi, na saa nane za usiku maji yanarudi na kufurika hadi sebuleni. Hili likitokea kapeti iinuliwe usiku huohuo, isingoje asubuhi. Iliyonywa maji ya mafuriko yenye majitaka itupwe, hata kama ni mpya. Mvua za Aprili na Mei 2024 ziliingiza maji ya aina hiyo katika nyumba nyingi za mji huu.

Vuli inaanza Oktoba. Katika mitaa ya Lavington na Kileleshwa jakaranda zinachanua wakati huohuo, na maua yake huziba gata haraka kuliko majani. Gata ikiziba, maji hurudi nyuma chini ya mabati na kushuka ndani ya ukuta. Wenye nyumba wapandishe mtu na ngazi wiki hii, na kazi hiyo irudiwe kila baada ya wiki mbili hadi maua yaishe. Gharama yake isikatwe kwenye amana ya mtu yeyote.