Kapeti Lililochanwa na Kuku Lina Tiba

Kapalamsenga, kwenye Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, mharibifu wa kapeti si kijibwa cha manyoya kinacholala kwenye sofa. Ni kuku. Mlango ukiachwa wazi, tetea anaingia sebuleni na vifaranga wake na kuanza kuparua kona iliyoinuka. Mbuzi akipenya, anatafuna ukingo. Paka ananolea kucha, na mbwa mdogo anayeota meno anang'ata chochote kilicho karibu. Kapeti la maua lililosafirishwa kutoka Mpanda halichukui muda kubaki matundu.

Hapo wengi huamua haraka: litupwe, linunuliwe jingine. Uamuzi huo ni wa hasara.

Hasara ya kwanza ni fedha. Kapeti la plastiki huuzwa kwa mita, na tundu la ukubwa wa sahani halistahili kulipiwa sebule nzima. Ya pili ni moshi. Kapeti kuukuu huishia kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, likatiwa kiberiti. Mengi ya makapeti hayo yametengenezwa kwa PVC, plastiki yenye klorini. Ikiungua hutoa gesi inayowasha macho na koo, na huweza kutoa dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka mingi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Ajabu ni kwamba mfuko mmoja sokoni unamtia mtu hofu, lakini mita nne za plastiki zikifuka moshi uani hakuna anayeuliza.

Kiraka cha kapeti la plastiki hakihitaji mtambo. Kinahitaji wembe mkali, rula ya chuma na gundi. Kipande kipya hutandikwa juu ya tundu mpaka maua yake yalingane na ya chini, kisha wembe hupitishwa mara moja ukikata tabaka zote mbili kwa pamoja. Siri ya kazi iko hapo: kwa kuwa vyote vimekatwa kwa mkato mmoja, kipande kipya kinaingia pengoni bila kupishana. Sakafu husafishwa vumbi lote, gundi hupakwa, na kitu kizito huwekwa juu hadi ikauke. Anayekata tundu kwanza, halafu akaanza kukisia kiraka, atabaki na nyufa za kuingiza maji na mchanga.

La manyoya lina masharti yake. Uzi uliochomolewa na kucha usivutwe, kwani unaweza kufumua mstari mzima; ukatwe kwa mkasi usawa na wenzake. Kiraka kinaweza kutolewa chini ya kabati, pasipoonekana, mradi manyoya yake yalale upande mmoja na ya kapeti zima. Mafundi wa Uturuki na Irani hufunga upya fundo moja moja kwenye mazulia ya sufu, na zulia la namna hiyo huishi kuliko wenyewe likarithiwa.

Mkojo wa paka ndio mtihani. Asidi ya yuriki iliyomo haiyeyuki vizuri kwenye maji, ndiyo maana harufu huamka tena siku ya unyevunyevu, na paka naye hurudi palepale. Siki iliyozimuliwa kwa maji hupunguza harufu. Kinachoivunja asidi yenyewe ni sabuni yenye vimeng'enya. Kosa la hatari ni kumwagia Jik au dawa nyingine ya klorini: ikikutana na amonia ya mkojo, hutoa gesi yenye sumu. Mkojo ukiwa umezama hadi kwenye sponji ya chini, sponji hiyo ikatwe, iwekwe nyingine.

Wapo watakaosema paka afukuzwe, yaishe. Katika nyumba inayolaza magunia ya mahindi chumbani, huo ni ushauri wa panya. Paka hukwaruza ili kuvua ganda la ukucha na kuacha harufu yake. Apewe gogo lililofungwa kipande cha gunia, aligeuze kuwa kapeti lake.

Wasusi wa mikeka walilimaliza jambo hili la matengenezo zamani. Mkeka wa ukindu husukwa kwa ukili mrefu mwembamba, ambao ndio unaoshonwa safu kwa safu hadi upatikane upana. Mbuzi akila pembeni, mshono hufumuliwa, ukili ulioharibika hutolewa, mwingine hushonewa mahali pake. Marekebisho yamo ndani ya ususi wenyewe. Kiwandani, kapeti hutoka kama bidhaa ya kutumika na kutupwa, na muuzaji haambiwi wala hasemi lolote kuhusu kuliziba.

Basi tuanzie dukani. Muuzaji wa Mpanda anayekata mita nne aulize kama mteja anataka nusu mita ya akiba ya maua yaleyale, kwa kuwa mzigo ujao huenda ukaja na maua mengine. Vyuo vya VETA, ambavyo tayari vinafundisha ushonaji, viongeze siku chache za kuziba na kupindia makapeti. Kijana mwenye wembe, gundi na baiskeli anaweza kupita nyumba kwa nyumba. Mteja naye aikunje ile nusu mita, aiweke juu ya kabati, mahali ambapo kuku hafiki.