Safari ya Visiwani Haikuwa Hasara

Katika toleo lililopita la gazeti hili mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliandika habari ya safari ya chama cha ndege, iliyofanywa Oktoba mwaka jana kutoka Arua mpaka Rhino Camp na visiwa vya Nili. Aliandika vizuri, na Kiswahili chake ni safi, wala sina neno juu ya hilo. Lakini mwishoni alisema kwamba safari ile ilikuwa hasara, kwa kuwa siku mbili zilipita wala hakuonekana hata ndege mmoja adimu. Na kwamba mwaka huu fedha za chama zikusanywe kwa safari ya kweli, yaani kwenda visiwa vya Musambwa katika Ziwa Viktoria na kurudi kwa njia ya Mabamba. Nasikia shauri hilo litapigiwa kura muhula huu. Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, mtu wa Koboko, nami nilikuwamo katika lori lile, nikiwa mmoja wa watu wazima wawili waliotakiwa kuwaangalia vijana. Naomba nafasi nijibu kabla kura haijapigwa.

Nianze kwa kukubali yaliyo kweli. Lori lilichelewa kuondoka Arua kwa saa tatu, na tulipofika mtoni jua lilikuwa utosini, wakati ambao ndege wenye akili wamekwisha kujificha. Darubini ilikuwa moja na vijana walikuwa 23. Kila aliyeipokea hakuona kitu mpaka alipojua kuikaza, na alipokwisha kuikaza ndege alikuwa amekwenda zake. Mbu walitula. Tena vijana wawili, ambao sitawataja, walikutwa na manati mifukoni, katika safari ya chama cha kuwatunza ndege! Kama kijana wetu angesema kwamba safari ilitengenezwa vibaya, ningetia sahihi yangu chini ya yake. Lakini yeye hakulaumu matengenezo. Aliwalaumu ndege.

Yeye ataka wageni adimu. Haya, tutazame huko atakako kwenda. Musambwa ni visiwa vya mawe, na sifa yake ni shakwe wenye kichwa cha kijivu, ambao hutaga huko kwa maelfu. Ni jambo la kutazamwa, nami ningependa kulitazama. Lakini shakwe hao si wageni, ndio wenye nyumba. Na yule ndege mkubwa wa kijivu wa Mabamba, mwenye mdomo kama kiatu, naye hatoki Ulaya wala Asia. Husimama siku nzima katika kinamasi akimngojea kamongo. Basi mtu atakayesafiri kiasi cha kilomita 500 mpaka Kampala, kisha aendelee ziwani, ili awaone wageni, atarudi amewaona wenyeji. Kama wageni ndio haja yake, angeitaja ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, ambako ndege wadogo weupe wa jamaa ya shakwe hukusanyika wakitoka Ulaya ya mashariki na Asia, na wamewahi kukisiwa kupita milioni moja. Hao ni wageni kweli. Lakini hao si adimu! Naona hapo ndipo mashaka yetu yalipo.

Neno hili "adimu" nadhani vijana wamelipata katika vitabu na picha za Ulaya. Huko, ifikapo Septemba na Oktoba, watu huacha shughuli zao wakavuka bahari kwenda visiwa vidogo, kama Helgoland ya Ujerumani, Fair Isle ya Uskochi na visiwa vya Scilly vya Uingereza, kuwavizia ndege wasioonekana kila mwaka. Si kazi ya kudharauliwa. Heinrich Gätke alikaa Helgoland zaidi ya miaka 50 akiwaandika ndege wapitao. George Waterston wa Uskochi alipanga habari ya kituo cha kutazamia ndege cha Fair Isle alipokuwa mfungwa wa vita mikononi mwa Wajerumani, na kituo kikafunguliwa mwaka 1948. Lakini ulizeni, huyo ndege adimu wa kisiwani ni nani? Mara nyingi ni ndege aliyepotea. Alizaliwa Siberia, ilimpasa kwenda kusini mwa Asia, naye akaelekea magharibi. Au alikuwa akishuka pwani ya Marekani na dhoruba ikamtupa ng'ambo ya Atlantiki. Watu mia wamzunguka na darubini zao wakifurahi, naye amechoka, hana mwenzake, na huenda asirudi kwao kamwe.

Sisi tunakaa mahali pa namna nyingine. Sisi tumo njiani. Ndege wapitao Koboko na Arua mwezi wa Oktoba hawakupotea. Wajua waendako, nao hupita makundi kwa makundi. Kuwaona kuwa ni hasara kwa sababu ni wengi ni kama kwenda soko la Arua na kulalamika kwamba kuna watu.

Nikumbushe basi tulichokiona, maana katika habari ya kijana wetu kilipewa mistari mitatu tu. Jioni ya siku ya kwanza tulipanda mitumbwi ya wavuvi, tukapita kati ya visiwa. Vingine ni udongo wa kweli, vingine ni mafunjo na matete tu, yaliyoshikamana yakaota pamoja. Kwenye matope walikuwa wakikimbia ndege wadogo wenye miguu mirefu, wale ambao kwao ni nchi za baridi za kaskazini. Juu yetu tulisikia keremkerem wa Ulaya kabla ya kuwaona, sauti laini kama filimbi ya mtoto iliyojaa maji. Wakapita, rangi ya dhahabu mgongoni na samawati kifuani, wakielekea kusini bila kushuka. Kisha jua likagusa miti ya ng'ambo, wakaja mbayuwayu. Walitoka pande zote. Kwanza kama vumbi, kisha kama moshi, wakizunguka juu ya kisiwa kimoja cha matete, chini zaidi, chini zaidi, na mara wakaanguka wote matetini kama mtu aliyemwaga mtama. Kijana mmoja alihesabu mpaka mia nne na kitu, akaacha, akakaa kimya. Mvuvi wetu alicheka, akasema kwamba hao hulala hapo kila mwaka ufikapo wakati huo, na kwamba babake alimwonyesha. Mbayuwayu mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi. Hao walikuwa wameivuka Sahara.

Kijana wetu alikuwa mtumbwini pamoja nami. Aliniuliza, "Mzee, hakuna wengine?"

Miaka 200 iliyopita wataalamu wa Ulaya wangetoa mali yao wasikie habari aliyotupa mvuvi yule. Wao waliwaona mbayuwayu na korongo wakitoweka kila mwaka, wasijue waendako. Wengine waliamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya maziwa wakati wa baridi, katika matope. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani ya kaskazini, alipigwa korongo mweupe ambaye shingoni mwake mlikuwa mshale, urefu wake kiasi cha sentimeta 80, nao ulikuwa mshale wa Afrika. Ndege yule alichomwa huku kwetu Afrika, akaruka nao mpaka Ulaya. Amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kwa hiyo mmojawapo wa walimu wa kwanza wa jambo hili alikuwa mwindaji Mwafrika ambaye hakuna ajuaye jina lake, na ambaye, nadhani, alirudi nyumbani akinung'unika kwamba amekosa nyama na mshale pia.

Baada ya mishale zikaja pete. Mwalimu wa shule mmoja huko Viborg katika Denmark, Hans Mortensen, ndiye aliyeanza mwaka 1899 kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba na anwani. Naomba mlishike hilo: alikuwa mwalimu wa shule, hakuwa tajiri wala mkuu wa makumbusho. Mwezi wa Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete huko Staffordshire katika Uingereza, na Desemba 1912 akakamatwa ndani ya nyumba huko Natal, Afrika Kusini. Aliyemwona aliisoma pete, akaandika barua. Pasipo barua ile, pete ingekuwa kipande cha bati tu.

Hilo nalijua kwa uchungu. Desemba 1978, nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, nyasi zilichomwa upande wa mlima Liru, na korongo weupe wakaja kufuata moto kula panzi. Mbwa wa baba mdogo wangu walimkamata mmoja aliyevunjika bawa. Mguuni alikuwa na pete, imefifia, ina herufi na tarakimu. Baba mdogo alikuwa amepata kuwa askari, alijua kusoma. Alizisoma tarakimu zote kwa sauti, tukazirudia kama wimbo. Herufi hazikuwa neno lolote alilolijua, akasema ni alama ya kiwanda. Akaikata pete akaibana kwenye kiko chake kilichopasuka, na kiko kikawa imara sana. Mwaka uliofuata vita vilifika, tukakimbilia Sudan, na katika njia ya Yei kiko kikapotea pamoja na mengine mengi. Miaka mingi baadaye, katika darasa la shule hii, mwalimu wa elimu ya viumbe alituonyesha picha ya pete kama ile. Nilitafuta ule wimbo wa tarakimu kichwani mwangu. Nilipata tatu za mwanzo tu, 4, 1 na 7, nazo hazimfai mtu yeyote. Mahali fulani palikuwa na kitabu chenye mstari wa korongo yule, na mstari ule haukujazwa.

Ndiyo maana maneno ya "hakuna wengine" yalinichoma. Ndege wa West Nile wameandikwa, lakini tazameni ni nani walioandika. Emin Pasha alipokuwa Wadelai, kando ya Nili yetu hii, kabla ya kuondoka mwaka 1889, alikuwa akiwakusanya ndege na kuwapeleka kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya. Mwaka 1910 Theodore Roosevelt alipokuja huku kuwinda faru weupe, mwenzake Edgar Mearns alikusanya ndege kwa ajili ya makumbusho ya Washington. Walikaa muda, wakaenda zao. Sisi tulio hapa miezi 12 ya mwaka hatuna hata daftari moja. Na faru wale, ambao Rhino Camp yapata jina kwao, walikwisha katika Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vijana wetu wengi hawajamwona hata mmoja kwa macho yao. Nao zamani hawakuwa adimu.

Shauri langu ni hili. Mwaka huu chama kisiende Musambwa. Fedha zinunue darubini mbili au tatu nzuri, na zinazobaki zilipe lori la kwenda Rhino Camp mara mbili, Oktoba na Machi, waendapo na warudipo, na tuondoke Arua saa kumi na moja alfajiri, si saa nne. Kisiwa kile cha matete kitazamwe kila mwaka katika juma lile lile, na wavuvi waulizwe, na majibu yao yaandikwe. Kama baada ya miaka mitano bado mnataka Musambwa, nitachanga nauli mimi mwenyewe.

Jambo moja la safari ile kijana wetu hakuliandika, labda hakulisikia. Asubuhi ya pili walipita korongo wale wadogo weusi wenye tumbo jeupe, wafuatao mvua kwenda kusini, ambao Wazungu huwaita kwa jina la Abdim, aliyekuwa liwali wa Dongola. Mwenzetu mmoja, ambaye wazazi wake walitoka Sudan Kusini na sasa wakaa Koboko, aliwatazama akasema, "Hawa wametoka kwetu." Tukacheka. Yeye hakucheka, aliazima simu ya mwalimu akampigia mjomba wake Yei, akamwuliza. Mjomba akajibu kwamba ndiyo, walipita juzi jioni, wengi, wakalala kwenye miti ya karibu na mto.

Kijana huyo amekwisha kununua daftari kwa fedha yake. Ukurasa wa kwanza una tarehe mbili, ya Yei na ya Rhino Camp, na ukurasa wa pili una mbayuwayu wa kwanza wa mwaka huu kwenye nyaya za umeme za hapa shuleni, tarehe 14 Septemba, saa moja asubuhi. Wanafunzi wa zamani mlioko Koboko, Moyo, Adjumani, Pakwach, Juba na kwingineko, kama kuna aliyemwona mapema kuliko hapo, na alete tarehe yake. Daftari liko kwa mwalimu wa elimu ya viumbe.