Jembe na Sheria: Kutoka Babeli Hadi Mwadui

Ndugu msomaji, kabla hujaketi na jamaa yako kula ugali wa Jumapili, hebu jiulize: mfanyakazi anayeshinda katika mgodi wa almasi wa Mwadui, asiyeshika jembe mwaka mzima, hupata wapi chakula? Jibu jepesi ni kwamba hununua kwa mshahara wake. Lakini mshahara hauoti shambani. Yupo mkulima wa Kishapu au Maswa aliyevuna zaidi ya mahitaji ya nyumba yake. Na ipo sheria inayowawezesha watu hao wawili kubadilishana jasho lao bila kunyang'anyana. Ziada ya shamba na sheria ya kuilinda: hiyo ndiyo misingi ya miji yote tuijuayo.

Kwa maelfu mengi ya miaka mwanadamu aliishi kwa kuwinda na kuchuma. Miaka zaidi ya 10,000 iliyopita, watu wa Mashariki ya Kati walianza kupanda ngano na shayiri, na kufuga mbuzi na kondoo. Afrika nayo haikungoja kufundishwa. Mtama, chakula cha kale cha Wasukuma, ulianza kulimwa na Waafrika katika nchi ambayo leo ni Sudan, yapata miaka 5,000 iliyopita.

Mtu aliyepanda hawezi kuhama kesho. Hana budi kungoja mvua, kuamia ndege na kujenga ghala. Na ghala linapojaa huzuka maswali ambayo hayakumsumbua sana mwindaji. Mpaka wa shamba hili uko wapi? Ng'ombe wa jirani wakila mtama wangu, nani atalipa? Baba akifariki, nani atarithi? Majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyokuwa sheria.

Katika nchi iliyo kati ya mito Tigris na Frati, ambayo leo ni Iraq, makarani walianza kuandika juu ya vigae vya udongo ili kuhesabu nafaka na mifugo. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na watu wale walilitambua jambo hilo zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Baadaye Mfalme Hammurabi, aliyetawala Babeli tangu 1792 hadi 1750 K.K., aliamuru hukumu zipatazo 282 zichongwe juu ya jiwe jeusi, ambalo sasa limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris.

Nyingi kati ya hukumu hizo zanukia shamba. Mtu akizembea kuimarisha ukingo wa mfereji wake, ukabomoka na maji yakafurika mashamba ya wenziwe, sharti alipe nafaka iliyoharibika. Mchungaji akilisha kondoo katika shamba la mtu bila idhini, atalipa. Na mkulima mwenye deni, akipatwa na gharika au ukame, mwaka huo hatamlipa mdai wake nafaka yoyote. Tusiisifu Babeli kupita kiasi, maana jicho la mtumwa halikuwa na thamani sawa na jicho la bwana. Hata hivyo, wazo lile kwamba mzembe hulipa na mwenye bahati mbaya husamehewa lingali hai hadi leo.

Je, huku kwetu? Wasukuma hawakuchonga jiwe, lakini sheria walikuwa nayo. Mtawala wao aliitwa ntemi, na wengi hulihusisha jina hilo na kutema, yaani kukata: kukata msitu ili kufungua mashamba, au kukata mashauri. Basi jembe na sheria vilikaa katika neno moja. Ntemi alihesabiwa kuwa mwenye dhamana ya mvua na mavuno, na nchi ikiandamwa na njaa aliweza hata kuondolewa. Ardhi haikuwa bidhaa. Aliyelifyeka shamba alilitumia. Akihama, lilirudi mikononi mwa jamii chini ya ng'wanangwa, yaani mkuu wa kijiji. Vijana nao walilima kwa zamu chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, na mtoro alitozwa faini.

Sheria iliyokuwa na hekima kubwa kuliko zote ni ile ya ngitili. Mvua zilipoanza, sehemu ya malisho ilifungwa, isikanyagwe na ng'ombe hata mmoja. Nyasi zilikua na miti ikachipua. Kiangazi kilipokaza na malisho mengine kwisha, ngitili ilifunguliwa. Aliyeingiza mifugo kwa siri alihukumiwa na dagashida, yaani mkutano wa wanakijiji wenyewe.

Kisha mambo yakaharibika. Tangu miaka ya 1920 wakoloni walihimiza kufyekwa kwa vichaka ili kumwangamiza mbung'o, na baadaye mashamba ya pamba yakazidi kutanuka. Baada ya Vita Kuu ya Pili walileta amri juu ya amri: punguza ng'ombe, funga matuta, lipa faini. Amri hizo zilitoka ofisini, si katika dagashida. Wananchi wakazikataa, na nyingi zikaachwa kabla ya Uhuru. Halafu, katika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1974 na 1975, watu wengi walihamishwa mbali na ngitili zao. Walioijua mipaka wakawa hawapo kuilinda. Ilipofika mwaka 1986, zilizobaki katika Mkoa wa Shinyanga zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu.

Mwaka huo serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI. Mafanikio yake yalikuja hasa pale wataalamu walipoacha kutegemea miche ya bustanini, wakawasikiliza wazee. Ngitili zilirudishwa, faini zikapangwa na vijiji, na dagashida ikahukumu tena. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000. Udongo ni ule ule na mvua ni zile zile. Kilichorudi ni sheria ambayo watu waliiona kuwa yao.

Asidhani mtu kwamba mambo haya yanawahusu wakulima peke yao. Tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi wa Mwadui ulipasuka, na tope likafunika nyumba na mashamba ya wanavijiji wa jirani. Kwa bahati njema hakuna aliyepoteza maisha. Ikafuata kazi ya kuwahesabu walioathirika na kuwalipa fidia. Tazama jinsi swali lilivyo la kale: ukingo umebomoka, shamba la jirani limeharibika, nani atalipa na kwa kipimo gani? Hammurabi alilijibu karibu miaka 3,800 iliyopita, nasi bado hatuna budi kulijibu kila mara.

Wafanyakazi wengi wa mijini wana shamba nyumbani, wakiamini kwamba desturi pekee italilinda. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua hakimiliki ya kimila na kuruhusu iandikwe katika hati. Tena sera yake ni kwamba mwanamke ana haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Utakapokwenda likizo, keti na jamaa yako, mama na mabinti wakiwapo, mkaitazame mipaka kabla wazee wanaoijua hawajaondoka. Kisha mhudhurie mkutano wa kijiji, kwani sheria isiyo na watu wa kuisimamia hugeuka kuwa maneno matupu, na shamba lisilo na sheria huzaa ugomvi kabla ya kuzaa mtama.